Dondoo muhimu: Tumbo limejaa gesi, figo ni dhaifu

Wewe wa London mwenye tatizo la figo, ile Eno tuliyozoea tangu nyumbani iache kwanza. Imejaa sodiamu, na sodiamu huvuta maji mwilini na kupandisha presha. Gaviscon nayo inayo. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu ziogope zaidi: figo dhaifu hushindwa kuzitoa, zikarundikana. Simeticone, dawa ya gesi, haiingii kwenye damu, kwa hiyo mara nyingi ndiyo afadhali. Ila geuza pakiti usome, maana nyingine huchanganywa na magnesiamu au aluminiamu hizo hizo.

Mwambie mfamasia hali ya figo zako na kila unachomeza, mitishamba ikiwemo (hapo ndipo wengi hunyamaza). Ushauri wake ni bure, bila miadi. Tumbo likijaa wiki 3 au zaidi, muone daktari wako.