SOMO LA ROBO HII: Mchoro Usainiwe Kwanza, Programu Itengenezwe Baadaye



Kamati inayojenga zahanati haimruhusu fundi kuchimba msingi kabla haijaiona ramani. Wajumbe huuliza mlango utakuwa upande gani, na chumba cha dawa kitafungwaje. Lakini kamati hiyo hiyo ikihitaji programu ya kompyuta ya kutunza daftari la waumini au michango, mara nyingi humwambia mtaalamu, "Wewe ndiye unayejua, tutengenezee," kisha humpa malipo ya awali. Miezi inapita, na mwishowe inaletwa programu ambayo mtunza hazina hawezi kuitumia. Fedha za waumini na za wafadhili zimekwenda, na daftari la karatasi linarudi mezani.

Somo hili linahusu hatua moja inayozuia hasara hiyo: mteja kusoma, kuelewa na kutia saini mchoro wa programu kabla kazi ya kuitengeneza haijaanza.

Yaliyowapata wakubwa

Tusidhani kuwa tatizo hili ni la maskini peke yao. Mwaka 2001 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilianza kutengenezewa mfumo wa kutunza majalada ya kesi, ulioitwa Virtual Case File. Mwaka 2005 mfumo huo uliachwa kabisa, baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya nchi hiyo alichunguza, na moja ya sababu alizozitaja mwaka huo ni kwamba mahitaji ya mfumo hayakuelezwa vizuri tangu mwanzo, nayo yaliendelea kubadilika kazi ikiwa tayari inaendelea. Yaani ujenzi ulikuwa unakwenda wakati ramani bado inachorwa.

Kwa nini karatasi ni nafuu

Kosa lililo kwenye mchoro hufutwa kwa raba. Kosa lililokwisha kuingia ndani ya programu lina matawi: ukibadilisha namna jina linavyohifadhiwa, itabidi ubadilishe pia fomu, risiti, ripoti na kumbukumbu zote zilizokwisha kuingizwa. Mtaalamu Barry Boehm, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu gharama za programu, alionyesha kwamba kosa linalogunduliwa mfumo ukiwa tayari unatumika huweza kugharimu mara nyingi zaidi kulirekebisha kuliko lingegunduliwa mwanzoni. Wahenga walishasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tuchukue mfano. Parokia inataka programu ya michango. Mtengenezaji analeta mchoro wa ukurasa wenye nafasi tatu: jina, kiasi na tarehe. Ukiutazama tu, hauna kasoro. Sasa chukueni daftari la mwezi uliopita, mjaribu kuingiza kila mstari kwa kalamu ya risasi. Mama mmoja ametuma fedha kwa simu kwa niaba ya watu watano wa nyumba yake. Mwingine ametoa madebe mawili ya mahindi. Familia moja imehamia jumuiya nyingine katikati ya mwaka. Je, michango yake ya nyuma inahama nayo? Kiasi kimoja kiliandikwa vibaya. Nani ana ruhusa ya kukisahihisha, na je, alama ya marekebisho itabaki? Maswali hayo manne yanajibiwa kwa mazungumzo ya alasiri moja. Yakijitokeza baada ya programu kumalizika, ni kazi mpya na ankara mpya.

Nini kiwemo kabla ya saini

1. Orodha ya kazi ambazo programu itafanya, kwa Kiswahili chepesi, pamoja na orodha ya yale ambayo haitafanya. Hii ya pili ndiyo inayomaliza ugomvi.

2. Michoro ya kila ukurasa utakaoonekana kwenye skrini.

3. Mfano wa kila ripoti, ukiwa umejazwa tarakimu. Ripoti tupu haimwonyeshi mtu kinachokosekana.

4. Nani ataona nini. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na Tanzania ya mwaka 2022. Michango na ugonjwa wa muumini si habari za kila mtu.

5. Umeme au mtandao ukikatika itakuwaje, na nakala za akiba zitatunzwa wapi.

6. Bei, muda, hatua za malipo, na nani atakuwa mwenye programu na kumbukumbu zake mkataba ukiisha.

Nani asaini

Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Katibu na mtunza hazina, ambao ndio watakaoketi mbele ya kompyuta kila wiki, wasome na kusaini pia. Kila nakala iwe na tarehe na namba ya toleo, na pande zote mbili zibaki na nakala. Mjumbe asiyeelewa ukurasa fulani asisaini kwa aibu. Kuuliza si ujinga.

Saini si kufuli

Kuna mahitaji yatakayoonekana baadaye tu, hata mkiwa waangalifu namna gani. Hayo yaombwe kwa maandishi. Mtengenezaji ajibu yataongeza siku ngapi na fedha kiasi gani. Kamati ikikubali, itie saini tena. Kazi kubwa igawanywe vipande vidogo, kila kipande kionwe na kukubaliwa kabla ya kingine. FBI wenyewe walijifunza hivyo. Mfumo uliofuata, Sentinel, nao ulichelewa, mpaka mwaka 2010 walipousimamia wenyewe na kuufanya kwa vipindi vifupi. Ulianza kutumika kikamilifu mwaka 2012.

Kwa wafadhili wetu

Tunawaomba mkubali kugharimia mchoro kama hatua inayojitegemea, na msidai kuona programu katika robo ya kwanza. Dai mchoro uliosainiwa kabla ya kutoa awamu ya pili. Na ikiwa mchoro utaonyesha kwamba daftari zuri linatosha, hiyo si kazi iliyoshindikana. Ni fedha iliyookolewa.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, kuna kifaa au programu tuliyoilipia ambayo haitumiki? Nani aliikagua kabla ya kutengenezwa?

2. Ni mistari gani ya daftari letu ambayo mgeni asingeielewa?

3. Mtengenezaji akija kesho, nani kati yetu watasaini, na watahitaji siku ngapi za kusoma?