Kibaoni hadi Karema: vidokezo vya safari ya historia mkoani Katavi

Likizo ikikaribia, wengi wetu tunawaza visiwa: Unguja, Kilwa Kisiwani, na mwenye uwezo zaidi anaota Malta. Safari njema kwao. Mimi nakuomba mwaka huu uanzie Kibaoni, kule Mpimbwe, umalizie ufukweni Karema. Malta utaikuta njiani, utaona.

1. Teremka kwenye basi.
Basi la Sumbawanga kwenda Mpanda likisimama Kibaoni, abiria hununua mahindi ya kuchoma na karanga kupitia dirishani, konda anagonga bodi, safari inaendelea. Wanachokijua kuhusu kijiji hiki ni kwamba ndiko nyumbani kwa Mizengo Pinda, waziri mkuu wa 2008 hadi 2015. Wewe shuka, ulale hata usiku mmoja. Hii ni nchi ya Wapimbwe, na wazee wake wana mengi ya kusimulia kuhusu watemi, uwindaji na asali. Anza na shikamoo, kaa, usubiri uulizwe ulikotoka. Simu ya kurekodi itoke mfukoni baada ya ruhusa. Wasukuma nao ni wengi huku, na ukiwaambia "mwangaluka" asubuhi, kiti utaletewa.

2. Uliza habari za tembo wa Msasani.
Kisa hiki kinastahili kufundishwa katika kila shule ya mkoa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitaka kujua kama tembo wa kufugwa wangeweza kubeba mizigo hadi Ziwa Tanganyika badala ya wapagazi. Wakaletwa tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani, Dar es Salaam, na msafara ukaanza kwenda bara chini ya Kapteni Carter. Mmoja baada ya mwingine walikufa. Tembo jike aliyeitwa Pulmalla ndiye aliyefika Karema. Mwaka uliofuata, Juni 1880, Carter akiwa njiani kurudi pwani alikutwa na majeshi ya Mtemi Mirambo hapa Mpimbwe, akauawa pamoja na mwenzake Cadenhead. Ukisimama kando ya mashamba ya mpunga ya huku, kumbuka kwamba jina la Mpimbwe lilisomwa kwenye barua za Ulaya wakati Dodoma bado haijawa mji.

3. Vaa kaki, acha bluu nyumbani.
Kutoka Kibaoni hadi Sitalike ni kama kilomita 70, na barabara inakata Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mbung'o wa huko wanapenda nguo za bluu na nyeusi, na wakikuuma utajua. Usishuke garini ovyo. Ukitaka kuingia ndani zaidi ya barabara kuu, lipa kiingilio Sitalike na umchukue mwongozaji.

4. Mwombe mwongozaji akupeleke kwenye mkwaju.
Watalii wengi huja kwa ajili ya viboko wanaosongamana kwenye tope la Mto Katuma wakati wa kiangazi, na kweli ni jambo la kuona. Lakini hifadhi hii, iliyoanzishwa 1974, imepata jina lake kwa Katabi, mzimu wa mwindaji ambao wenyeji wanasema makao yake ni mti wa mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Watu bado huacha sadaka pale. Usiguse kilichowekwa, usikitumie kupigia picha za kujionyesha, na ongea kwa sauti ya chini kama ungefanya msikitini au kanisani. Mahali hapa palikuwa patakatifu kabla hapajawa hifadhi.

5. Mpanda, pumzika na ujaze mafuta.
Ukiwa na saa moja ya ziada, pita stesheni. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa na machimbo ya madini ya risasi.

6. Karema, usikimbilie ziwani kwanza.
Kutoka Mpanda ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo toka alfajiri. Panda hadi kwenye majengo ya misheni. Boma la kwanza lilianzishwa 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, likakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885. Simama hapo utazame ziwa, utashangaa liko mbali kiasi gani. Wakati ule maji yalikuwa yamezibua mdomo wa Mto Lukuga, upande wa Kongo, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Boma likabaki juu, ufuko ukahama.

7. Tafuta habari za Dk. Atiman.
Uliyepitia Sumbawanga huenda umeliona jina lake kwenye kibao cha hospitali. Adrian Atiman alizaliwa kando ya Mto Niger miaka ya 1860, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara kama mtumwa, hadi wamisionari wakamkomboa Algeria. Wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema, akaoa hapo, akatibu watu hapo, na hakuhama tena mpaka alipofariki 1956. Miaka 67! Sijui tabibu mwingine wa nchi hii niwezaye kumweka pembeni yake, na inaniuma kwamba vijana wa Mpanda wanalijua jina la mchezaji wa Ulaya kabla ya lake. Wapeleke watoto.

8. Kula ulichokikuta.
Migebuka ya kuchoma, ugali wa muhogo, ukae pale mitumbwi inapopakuliwa.

9. Na ukijaliwa kufika Malta.
Ukitembea Valletta, watakuonyesha hospitali ya kale ya Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, watakwambia jinsi mji ulivyoanza kujengwa mwaka 1566. Kisiwa hicho kiliwahi kuwa na watumwa wake, hadi Napoleon alipopiga marufuku utumwa mwaka 1798. Sikiliza yote, kisha mwulize anayekuzungusha ni wapi alisoma kijana Mwafrika aliyekwenda kutibu watu Karema. Akikosa jibu, mwambie wewe.