Tetemeko Limepita, Shule Bado: Fedha Ipi Ijenge, Ipi Ilishe?

Sifa njema zote anastahiki Allah (SW). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na swahaba zake.

Ndugu msomaji, Jumamosi ya Septemba 10, 2016, ndani ya masiku kumi bora ya Mfunguo Tatu, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu 17 walifariki, mamia walijeruhiwa na nyumba nyingi zilibomoka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, jirani na mji wa Bukoba, zililazimika kufungwa, ilhali mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebakiza chini ya miezi miwili.

Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa serikali ya Uingereza. Ni jambo la kushukuru. Lakini Ihungo ni shule kongwe yenye jina. Je, shule ya msingi ya kijijini, ambayo masika gari haifiki, nani ataikumbuka?

Swali hili linatuhusu sisi wa Moshi. Mlima wetu ni volkano, Bonde la Ufa liko jirani, na Julai 2007 mitetemeko ya upande wa Ol Doinyo Lengai ilisikika hadi Nairobi. Madarasa mengi ya huku miteremkoni yametokana na msaragambo wa wazazi. Yakianguka, wazazi haohao nao watakuwa hawana nyumba.

Waislamu tunapenda kutoa, ila mara nyingi tunatoa kwa siku moja, tena kila kitu katika kapu moja. Dini yetu imeyapambanua.

Kwanza, zaka. Qur'an (9:60) imetaja makundi manane ya wanaostahiki. Wanazuoni wengi wanasema zaka imilikishwe mtu, hivyo haijengi ukuta, ingawa wapo wa zama hizi walioona vinginevyo. Basi zaka mpe mzazi Muislamu aliyepoteza kila kitu, ili mwanawe apate sare, daftari na chakula. Mtoto mwenye njaa hasomi hata ukimjengea darasa la vigae.

Pili, sadaka. Hii ni pana. Inanunua saruji, nondo na mabati, na inamfaa mtoto wa Muislamu na wa asiye Muislamu waliokaa dawati moja. Lakini isitumike kurudisha ukuta uleule ulioanguka. Tofali za udongo zisizo na nondo hukatika zikitikiswa. Fundi aweke mkanda wa zege wenye nondo, uzunguke kuta zote na kuzifunga pamoja. Kupunguza nondo ili kuokoa fedha ni kuhatarisha roho za watoto.

Tatu, wakfu. Umar (RA) alipopata ardhi Khaybar, Mtume (SAW) alimshauri azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Sisi tuna fremu za maduka Moshi mjini. Fremu moja tu iliyowekwa wakfu, kodi yake ikarabati paa na vyoo vya shule moja ya kijijini kila mwaka, itadumu kuliko harambee kumi. Hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea, ambayo mja hufuatwa na thawabu zake hata akiwa kaburini.

Juu ya yote hayo ni amana. Kamati ya shule ibandike hadharani kilichopokewa na kilichotumika, hadi mfuko wa mwisho wa saruji. Mtoaji naye arudi baada ya miezi sita, aulize: watoto wote wamerudi darasani? Yatima waliobaki na bibi zao, nani anawafuatilia? Wiki ya kwanza malori huwa mengi. Mwezi wa sita hubaki mwalimu na watoto wake chini ya mti.

Msikiti usingoje tetemeko. Ijumaa hii wateueni watu watatu waaminifu, wachague shule moja ya mlimani, wakague kuta zake na kuandika mahitaji yake. Ukuta wenye ufa huzibwa kwa gharama ndogo leo. Ukishaanguka juu ya watoto, hakuna mchango utakaowarudisha.

Wallahu a'lam.