Virusi Vinavyopita Uani: Jinsi Homa ya Ini Aina ya C Inavyohama Seli hadi Seli

Mkazi wa Mwabungo anayempelekea jirani sahani ya mchuzi hana haja ya kutoka hadi barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga. Anapita uani, anaingia kwa mlango wa nyuma. Askari aliyesimama barabarani hata akiwa macho namna gani, hawezi kuiona sahani hiyo.

Hivyo ndivyo virusi vya homa ya ini aina ya C vinavyofanya ndani ya mwili, na ndiyo sababu moja inayowafanya watu wengi kuishi navyo kwa miaka bila kujua.

Virusi hivi huingia kupitia damu na kufikia ini. Mwili nao hutengeneza kingamwili, yaani askari wanaozunguka kwenye damu na kunasa virusi kabla havijaingia katika seli mpya. Lakini seli za ini zimebanana kama nyumba zinazogusana ukuta kwa ukuta. Kirusi kilichozaliwa ndani ya seli moja kinaweza kupenya moja kwa moja hadi seli ya jirani, pale kuta zao zinapokutana, bila kuonekana kwenye damu.

Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walieleza jambo hili baada ya kuweka pamoja seli za ini zilizoambukizwa na zisizoambukizwa katika maabara. Waliongeza kingamwili zenye uwezo wa kuzuia virusi. Virusi vilivyoelea nje ya seli vilizuiwa, lakini seli za jirani ziliendelea kuambukizwa. Uchunguzi wa vipande vya ini vya wagonjwa nao umeonyesha seli zilizoambukizwa zikikaa kwa mafungu, jirani kwa jirani.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapopokea majibu. Kipimo cha kwanza, kile cha tone la damu kidoleni, hutafuta kingamwili. Kikionyesha kuwa zipo, maana yake ni kwamba mtu alikutana na virusi wakati fulani. Hakisemi kama bado anavyo, na wala hakimaanishi kuwa amekingwa. Takriban watu 3 kati ya 10 huviondoa wenyewe ndani ya miezi 6. Waliobaki huendelea navyo, na baada ya miaka mingi baadhi yao hupata kovu la ini au saratani. Kwa hiyo ni lazima kipimo cha pili, kinachotafuta virusi vyenyewe. Kuishia kwenye kipimo cha kwanza ni kuondoka hospitalini na nusu ya jibu.

Kusubiri macho yawe ya manjano si njia ya kujua. Walio wengi hawaoni dalili yoyote mwanzoni. Ugonjwa huu pia si ile homa ya manjano inayoenezwa na mbu.

Kutoka mtu hadi mtu, njia kubwa ni damu. Pwani ya Kenya, walio hatarini zaidi ni wanaojidunga heroini kwa sindano ya pamoja, tatizo ambalo familia za Diani na Ukunda zinalijua vyema. Virusi vinaweza kubaki hai ndani ya bomba la sindano kwa wiki kadhaa, hivyo kulisuuza kwa maji hakutoshi. Anayepokea methadoni katika kituo cha Kombani huinywa, na kila siku anayokaa bila sindano ni siku moja bila hatari hiyo. Wembe wa kunyolea na vifaa vya kutogea masikio au kuchora chale pia visitumiwe na watu wawili. Kula sahani moja, kupeana mikono au kumkumbatia mgonjwa hakuambukizi.

Aina ya C haina chanjo hadi leo. Aina ya B inayo, na watoto wa Kenya wamekuwa wakiipata tangu mwishoni mwa 2001, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuchanjwa, na anafaa kuuliza.

Hata hivyo, aina ya C inatibika. Vidonge vya kisasa, kwa kawaida vya wiki 8 hadi 12, huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Havisubiri virusi barabarani kama kingamwili. Huingia ndani ya seli na kuvizuia visizaliane, hivyo hakuna kinachobaki cha kupitishwa uani. Wiki 12 baada ya kumaliza dawa, damu hupimwa tena kuthibitisha kupona. Aliyepona anaweza kuambukizwa upya, na kipimo cha kidoleni kitaendelea kuonyesha kingamwili kwa miaka, kwa hiyo amweleze mhudumu wa afya kuwa alishatibiwa na aombe kile cha virusi vyenyewe.