SOMO LA MWEZI: LESENI NA PICHA ZA VIDEO MTANDAONI



Siku hizi kijana mwenye simu aweza kupiga picha za kwaya yetu Jumapili asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana watu wa Mwanza na wa London wakawa wanazitazama. Kwa simu hiyo hiyo aweza kumsingizia jirani yake, au kumwaibisha mtoto wa mtu, na habari ikaenea vivyo hivyo. Je, yapasa Serikali itie mkono? Kabla hatujajibu, tuone mambo yalivyokuwa.

1. Zamani mlango ulikuwa mmoja

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ilitaka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Jambo hilo liliwezekana, kwa kuwa filamu zilikuwa chache, majumba ya sinema yalihesabika, na wakaguzi waliweza kuketi na kuitazama kila moja. Redio na televisheni zilihitaji leseni kwa sababu nyingine: masafa ya hewani ni machache, na wawili wakitangaza katika masafa yale yale mahali pamoja, hasikiki hata mmoja. Ni lazima awepo mgawaji.

2. Intaneti imeleta milango mingi

YouTube ilianza 2005. Kufikia 2019, zaidi ya saa 500 za video zilikuwa zikiwekwa humo kila dakika. Hakuna bodi iwezayo kuyatazama hayo yote. Wala hapana masafa ya kugawa, maana video yangu haiizuii yako. Sababu zote mbili za zamani zimedhoofika. Imebaki moja, nayo ni nzito: madhara kwa watu.

3. Tanzania mwaka 2018

Kwa kuwa video zenyewe hazikaguliki zote, Serikali ilimgeukia anayeziweka. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye redio na televisheni za mtandaoni wapate leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Ada ya maombi ilikuwa Sh. 100,000, ya leseni Sh. 1,000,000, na ya mwaka Sh. 1,000,000. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua Sh. 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Watetezi wa haki za binadamu na wanahabari walikwenda Mahakama Kuu, Mtwara. Mei 2018 mahakama ilizisimamisha kanuni kwa muda, kisha zuio likaondolewa. Mwaka 2020 zilitungwa kanuni mpya badala yake, nazo zimerekebishwa tangu hapo.

4. Tupime

Kanuni hizo zilikataza picha chafu na maneno ya chuki. Katika hilo hatuna ugomvi. Mzazi ambaye picha ya bintiye imesambazwa ana haki ya kukimbilia sheria, tena upesi, kwani hukumu ya mwaka ujao haifuti aibu ya leo.

Lakini ada haimtengi mwema na mwovu. Humtenga mwenye fedha na asiye nazo. Mwongo mwenye fedha hupita mlangoni, na kijana anayetaka kuanzisha televisheni ya mtandaoni kwa ajili ya wakulima wa kijijini kwake hubaki nje. Amri ya tisa yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Haisemi kwamba mtu alipe kwanza ndipo afungue kinywa.

Basi twaona kwamba yafaa sheria ilishike tendo ovu: itaje wazi lililokatazwa, picha ya madhara iondolewe haraka, na mshtakiwa asikilizwe mahakamani. Aidha, tusiiachie Serikali kazi yote. Picha ya aibu haiendi mbali kwa nguvu zake yenyewe; hupelekwa na vidole vyetu.

5. Maswali ya kujadiliana

(a) Je, umewahi kumpelekea mwenzako video usiyojua ukweli wake? Ulifanya nini ulipoujua?
(b) Ada ya leseni ikiwa kubwa, ni nani katika mtaa wetu atakayenyamazishwa?
(c) Mtoto akiaibishwa kwa video, sisi majirani tufanye nini siku ile ile?