ADABU ZA NYUMBANI NA ADABU ZA SKULI

Wasomaji wetu, mtoto aingiapo skuli haji mikono mitupu. Huja na salamu za kwao, na namna ya kukaa mbele ya wakubwa, na mambo ambayo kwao huitwa aibu. Wahenga walisema, Mkataa kwao ni mtumwa. Lakini katika skuli moja hukutana watoto wa makabila mengi. Je, mwalimu afuate adabu za nani?

Natutoe mfano. Mwalimu amwuliza mtoto habari za kisu kilichopotea. Mtoto ainamisha macho, kwa kuwa kwao kumkazia macho mtu mzima ni utovu wa adabu. Mwalimu, aliyetoka nchi nyingine, adhani ni dalili ya uwongo, ampiga. Jioni kisu chaonekana katika sanduku la mwalimu mwenyewe. Mtoto huyo amejifunza nini? Amejifunza kwamba heshima aliyofundishwa na mama yake ni kosa. Na tangu siku ile hamsadiki mama wala mwalimu.

Jambo hili lilifikiriwa zamani. Mwaka 1928 Serikali ya Tanganyika ilifungua skuli Malangali, katika nchi ya Iringa. Mkuu wake, Bwana W. B. Mumford, aliwaweka wazee wawafundishe wanafunzi mila zao pamoja na masomo ya kitabu. Shauri lile lilikuwa na maana, maana mti hausimami bila mizizi. Lakini mila ya kabila peke yake haitoshi kumfundisha mtoto kukaa na jirani wa kabila jingine.

Basi twaona yafaa mwalimu ashike mambo matatu. Kwanza, aulize kabla ya kuadhibu. Pili, ampe kila mtoto nafasi ya kuwaonyesha wenzake jinsi wakubwa wanavyosalimiwa kwao. Mmoja atapiga magoti, mwingine atatoa mikono miwili, mwingine atasema shikamoo. Ndipo wote watakapojua ya kuwa njia ni nyingi na heshima ni moja. Tatu, katika kusema kweli, kutoiba na kumsaidia mnyonge, awaamuru wote sawasawa, wala asikubali mtu ajifiche nyuma ya mila.

Nanyi wazazi, nendeni skuli mkamweleze mwalimu desturi zenu. Asiyeambiwa hawezi kujua, na atakayeumia ni mtoto.