Amana Iliyomo Ndani ya Kompyuta: Somo Nililolipata Nchelenge



Ndugu zangu wanafunzi, somo la toleo hili linahusu kuchagua antivairasi na kuwa salama mtandaoni. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu humo ndimo nilimojifunzia.

Likizo ndefu iliyopita nilikuwa kwa mjomba wangu Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Mji huo uko ukingoni mwa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na huko kuna mji uitwao Kilwa, ambao si Kilwa yetu ya Lindi. Kwa sababu ya biashara ya samaki, na kwa sababu ya ndugu waliovuka mpaka kukimbia vita, Kiswahili husikika katika soko la Kashikishi pamoja na Kibemba. Mjomba ana duka dogo karibu na soko hilo. Anatoa fotokopi, anachapa barua, anaskani vyeti. Kompyuta ni moja tu.

Jumatano moja alikuja mama mmoja na kijana wake. Walitaka kuskani vyeti vya shule kwa ajili ya maombi ya ufadhili ambayo mwisho wake ulikuwa Ijumaa. Flashi yao ilipochomekwa, kila folda iligeuka kuwa njia ya mkato. Mjomba akasema, "Wewe ndiye msomi wa kompyuta, tusaidie." Nikaingia mtandaoni kutafuta antivairasi ya bure, nikabonyeza tangazo la kwanza. Dirisha jekundu likatokea: kompyuta yako ina virusi vingi, pakua sasa. Nikapakua. Programu ikaniambia nizime kinga ya Windows ili isakinishwe vizuri. Nikazima.

Asubuhi yake mafaili yote ya duka yalikuwa yamebadilika majina na hayakufunguka. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe wa kudai pesa. Kazi ya miaka mitatu ilikuwa humo: nakala za vitambulisho vya wateja, vyeti vya kuzaliwa, daftari la watoto wa madrasa.

Kijana wa yule mama alinusurika, alhamdulillah, kwa kuwa mama yake alitunza karatasi halisi ndani ya mfuko wa plastiki. Tuliziskani upya kwa simu na maombi yakaenda Ijumaa mchana. Lakini mzee mmoja aliyekuwa amepoteza vyeti vyake halisi njiani alikuwa na nakala moja tu duniani, na ilikuwa ndani ya kompyuta ile. Alipoambiwa, alinitazama kwa muda, akasema, "Haya, mwanangu, Mungu anajua." Mpaka leo nikikumbuka sauti yake nahisi aibu. Nilimwomba msamaha, akanisamehe, lakini cheti chake hakikurudi.

Kwanza: jua unachokilinda

Wengi wetu husema, "Mimi sina kitu cha kuibiwa." Hebu fungua simu yako uangalie. Kuna namba za watu, picha za dada zako, michango ya jumuiya, matokeo ya wenzako wa kikundi. Hivyo si vyako peke yako. Ni amana, na Muislamu ataulizwa juu ya amana. Hata sheria za nchi zetu zimeanza kuliona hilo: Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Zambia 2021, na Tanzania 2022. Mimi niliharibu kitu ambacho mwenyewe hakunipa ruhusa ya kukichezea.

Pili: namna ya kuchagua antivairasi

Usiku katika Ziwa Mweru, wavuvi wa chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa, huwasha taa juu ya maji. Samaki hufuata mwanga, na wavu unawangoja. Lile dirisha jekundu lilikuwa taa ya namna hiyo. Ukurasa wa tovuti hauwezi kuikagua kompyuta yako na kuhesabu virusi vyake. Ukiona onyo kama hilo ndani ya kivinjari, lifunge tu.

Kabla ya kusakinisha chochote, jiulize maswali manne.

1. Je, tayari ninayo? Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender, bila malipo ya ziada. Kwa wanafunzi wengi inatosha, mradi iwe imewashwa na imesasishwa. Simu nyingi za Android zina Play Protect ndani ya Play Store. Mimi nilizima kinga nzuri ili niingize mwizi.

2. Nani ameipima? Ziko taasisi zinazopima programu hizi na kuchapisha matokeo, kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria. Jina lisiloonekana popote isipokuwa kwenye tangazo lake lenyewe, liache.

3. Kama ni ya bure, inaishi kwa nini? Bure si lazima iwe mbaya, lakini uliza. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5, kwa sababu kumbukumbu za tovuti walizotembelea watumiaji wake ziliuzwa kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Watu walitafuta ulinzi, na aliyewalinda akawa anauza habari zao.

4. Nimeipata wapi? Pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji au Play Store. Usichukue kwenye tangazo, wala kwenye kundi la WhatsApp, wala kwenye flashi ya rafiki. Programu za kulipia zilizovunjwa kufuli zina mabaya mawili: ni kula haki ya mtu, na mara nyingi aliyezivunja ameweka virusi ndani.

Usiweke antivairasi mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Hugombana, na kompyuta inakuwa nzito.

Tatu: usiahirishe masasisho

Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa katika nchi zaidi ya 150, vikifunga mafaili na kudai pesa, hata hospitali za Uingereza zikakwama. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu lile tangu Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Wengi walioumia hawakuwa wamekiweka.

Najua sababu yetu: bando ni ghali. Basi fanya masasisho ukiwa chuoni kwenye Wi-Fi, hasa siku chache kabla ya kwenda likizo. Utakapofika kijijini, mashine iwe tayari imekingwa.

Nne: adabu za kuvinjari

Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakiki habari tuletewayo, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Aya hiyo niliihifadhi nikiwa madrasa, lakini sikuikumbuka nilipobonyeza. Kwa mtandao, kuhakiki ni hivi:

Soma anwani yote kabla ya kuandika neno la siri. Mwenye tovuti hutambulika kwa sehemu iliyo mara tu kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya jina. Kwa mfano wa kubuni, heslb.go.tz.mkopo-wako.com si ya Bodi ya Mikopo. Mwenyewe ni mkopo-wako.com. Alama ya kufuli nayo inaonyesha kwamba njia imefungwa wasikilizaji. Haisemi kuwa aliye upande wa pili ni mwaminifu.

Usimpe mtu namba za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe, hata akiandika kwa jina la amiri wako. Mpigie simu umsikie. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp na barua pepe, na usitumie neno moja la siri kila mahali.

Ukikuta flashi ina njia za mkato, usizibonyeze. Ikague kwanza kwa antivairasi, kisha ruhusu vitu vilivyofichwa vionekane. Mara nyingi mafaili halisi yamo humo humo, yamefichwa tu. Flashi ya yule mama ingepona kwa dakika kumi.

Kagua pia ruhusa za programu zako, hata zile za dini. Novemba 2020 jarida la Motherboard liliripoti kuwa taarifa za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla, zilikuwa zikifika kwa kampuni ya X-Mode, ambayo wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kukatisha uhusiano huo. Kwa nyakati za swala inatosha kuandika jina la mji wako. Si lazima programu ijue kila unapokwenda.

Tano: weka nakala

Antivairasi nzuri hupunguza hatari, haiiondoi. Weka nakala ya pili ya kila kilicho muhimu kwenye diski au flashi ambayo haikai imechomekwa, kwa sababu virusi vya kuteka mafaili hufika mpaka kwenye kilichochomekwa. Siku hizi mjomba hunakili kazi ya wiki kila Alhamisi jioni, halafu anaipeleka diski nyumbani. Ingekuwapo diski hiyo mapema, yule mzee angekuwa na cheti chake.

Mwisho

Sote tunaijua habari ya bedui aliyemuuliza Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) kuhusu ngamia wake, akaelekezwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Mimi nilimfungua ngamia wa watu kwa mkono wangu, tena nikidhani nafanya wema. Nia njema haikumsaidia mzee yule. Nawaomba leo hii, kabla ya kulala, mfanye matatu: hakikisha kinga ya kompyuta yako imewashwa, weka masasisho, nakili mafaili yako muhimu.

Maswali ya halaqa

1. Ni taarifa zipi za watu wengine zilizomo ndani ya simu yako, na je, wangeridhika na unavyozitunza?
2. Je, inajuzu kwa jumuiya yetu kutumia programu iliyovunjwa kufuli kwa kazi ya da'wa?
3. Nani kati yetu anatunza nakala ya pili ya orodha ya wanachama, na iko wapi?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika yale tuliyokabidhiwa. Aamin. Wallahu a'lam.